Pengo Kati ya Pesa na Mzigo: Usalama wa Ununuzi wa Mtandaoni Kisii na Nyamira

Mhadhara huu unahusu ununuzi wa bidhaa kupitia mtandao katika kaunti za Kisii na Nyamira. Hoja yake kuu ni kwamba utapeli wa mtandaoni hautokani hasa na ujinga wa wanunuzi wala na ugumu wa teknolojia, bali unatokana na pengo la muda lililopo kati ya dakika ambayo pesa zinaondoka kwenye simu ya mnunuzi na saa, au siku, ambayo mzigo unamfikia mkononi. Katika muda huo mnunuzi hana pesa wala bidhaa, ilhali muuzaji anashika vyote viwili; akiwa mwaminifu biashara inakamilika, na asipokuwa mwaminifu hakuna jambo la papo hapo linalomlazimisha kuikamilisha. Mbinu nyingi za utapeli zitakazoelezwa hapa ni njia za kulipanua pengo hilo au kulificha, na hatua za kujikinga ni njia za kulipunguza au kulifunga kabisa.

Suala hili lina uzito wa pekee katika eneo la Gusii. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 na Kaunti ya Nyamira watu 605,576, na wengi wao huishi kwenye mashamba madogo ya chai, ndizi, kahawa na mahindi, mbali na maduka makubwa ya jumla. Sehemu kubwa ya bidhaa wanazozitafuta mtandaoni, kama vile simu, viatu, nguo, vyombo vya jikoni, redio na vipuri vya pikipiki, hutoka Nairobi, katika mitaa ya biashara kama Luthuli, Kamukunji, Gikomba na Eastleigh, ambako kutoka Kisii ni safari ya takribani kilomita 300. Mnunuzi wa Nyansiongo au Ogembo hawezi kupanda gari kwenda kuikagua simu ya shilingi elfu nane, kwa kuwa nauli ya kwenda na kurudi ingemeza faida yote ya bei nafuu aliyoiona mtandaoni. Umbali huo ndio unaolifanya pengo kuwa refu, na ndio unaomvutia tapeli.

Soko la ana kwa ana na ulinzi wake

Ili kuelewa kinachopotea mtu anaponunua mtandaoni, ni vyema kuangalia kwanza kile ambacho soko la kawaida humpa mnunuzi bila yeye kukitambua. Katika soko la Daraja Mbili mjini Kisii, au katika soko la Keroka lililo mpakani mwa kaunti hizi mbili, mnunuzi hulindwa na mambo matatu. La kwanza ni kuona na kugusa: mkungu wa ndizi hugeuzwa, kitambaa huvutwa, mahindi hutiwa kiganjani na kunuswa. La pili ni kujulikana: muuzaji ana kijiji chake, ukoo wake, kanisa lake na jirani zake, na mtu aliyepunjwa anajua mlango wa kubisha. La tatu ni marudio: muuzaji anayetaka kurudi siku ya soko inayofuata hawezi kumudu kuitwa mwizi leo, kwa maana sifa mbaya humfukuzia wateja kwa haraka kuliko hasara nyingine yoyote.

Mambo hayo matatu hayakuanza na biashara ya fedha. Jamii ya Wagusii ilikuwa na desturi ya egesangio, yaani kikundi cha majirani waliolimiana mashamba kwa zamu, ambamo leo mtu alipewa nguvu za wenzake na kesho akadaiwa zake. Hapakuwa na mkataba ulioandikwa wala dhamana iliyowekwa, lakini deni lilijulikana na wote, na aliyelikwepa alijikuta peke yake msimu wa palizi. Imani katika mazingira hayo haikuwa hisia ya moyoni tu. Ilisimama juu ya uhakika kwamba aliyekosa angepatikana.

Hatari ya soko la mtandaoni ni kwamba linaiacha imani ikiwa hai huku likiviondoa vitu vilivyoishikilia. Mnunuzi anaingia na moyo uleule wa sokoni, anasikia sauti ya kirafiki kwenye simu, pengine akisalimiwa kwa Ekegusii fasaha, na anamkabidhi mgeni kamili imani ambayo katika soko la Daraja Mbili ingechukua miaka kujengeka. Kwa hiyo si haki kumlaumu aliyetapeliwa kwamba alikuwa mwepesi wa kuamini, kwa kuwa aliongozwa na mazoea yaliyomfaa maisha yake yote, ila mazoea hayo yalitumiwa mahali pasipo na misingi yake.

Jinsi pengo lilivyopanuka

Machi 2007 kampuni ya Safaricom ilianzisha M-Pesa, huduma ya kutuma na kupokea pesa kwa simu, na mwaka 2013 ikaanzisha Lipa na M-Pesa, ambayo humwezesha mfanyabiashara kulipwa kupitia nambari maalumu ya biashara badala ya nambari yake binafsi ya simu. Mwaka huohuo wa 2013 duka la mtandaoni la Jumia lilianza kazi nchini Kenya, na Kilimall likafuata mwaka 2014. Baadaye simu za mguso zilipungua bei, na mitandao ya kijamii kama Facebook, Instagram, WhatsApp na TikTok ikageuka kuwa mabanda ya biashara ambamo mtu yeyote mwenye simu na picha anaweza kujitangaza kuwa muuzaji.

Hapa inafaa kutenganisha aina mbili za masoko ya mtandaoni, kwa sababu watu wengi huzichanganya. Aina ya kwanza ni duka lenye mfumo, ambalo huorodhesha wauzaji, huweka kumbukumbu ya kila agizo, huwa na kituo cha kuchukulia mizigo na utaratibu wa kurudisha bidhaa yenye kasoro. Katika duka la namna hii kuna mtu wa tatu anayesimama katikati ya mnunuzi na muuzaji. Aina ya pili ni ukurasa wa mitandao ya kijamii, ambao kimsingi ni tangazo tu: mazungumzo hufanyika kwenye simu, pesa hutumwa moja kwa moja kwa muuzaji, na mtandao uliobeba tangazo hauhusiki na kilichotokea baadaye. Wapo wafanyabiashara wengi waaminifu katika aina hii ya pili, lakini ndiyo pia makazi ya matapeli, kwa sababu haina wa katikati.

Upo pia mfano wa tatu unaostahili kutajwa kwa mafunzo yake. Copia, kampuni iliyoanza nchini Kenya mwaka 2013, iliwahudumia wateja wa vijijini kupitia mawakala, yaani wenye vibanda na maduka madogo waliojulikana na majirani zao, ambao waliwaagizia bidhaa na kuwakabidhi zilipofika. Kampuni hiyo ilikumbwa na matatizo ya kifedha na mwaka 2024 ikawekwa chini ya wasimamizi, lakini wazo lake la kumweka mtu anayejulikana katikati ya biashara ya mbali lilikuwa sahihi, na mhadhara huu utalirudia kwa sura nyingine.

Jambo la mwisho kuhusu pengo ni tabia ya pesa za simu zenyewe. Pesa zikitumwa kwa nambari ya mtu binafsi humfikia kwa sekunde chache, naye anaweza kuzitoa kwa wakala au kuzihamisha dakika ileile. Utaratibu wa kurejesha muamala, ambao huanza kwa kuupeleka ujumbe wa M-Pesa kwa nambari 456, uliwekwa kwa ajili ya mtu aliyekosea nambari, na hutegemea pesa kuwa bado zimo katika akaunti ya mpokeaji. Tapeli anaijua kanuni hiyo kuliko mnunuzi, na ndiyo sababu haziachi pesa hizo zilale humo. Pesa husafiri kwa sekunde huku mzigo ukisafiri usiku kucha kwa basi, na utapeli huishi katika tofauti hiyo.

Mbinu za matapeli

Mbinu ya kwanza na iliyoenea zaidi ni duka hewa. Tapeli hufungua ukurasa, huiba picha za duka halisi, huweka bei iliyo chini sana ya bei ya soko, kisha hudai malipo yote au ada ya usafirishaji kabla ya kutuma chochote. Pesa zikishaingia humzuia mnunuzi asiweze kumpigia wala kumwandikia. Maoni ya sifa yaliyo chini ya picha mara nyingi huandikwa na tapeli mwenyewe kwa kutumia akaunti nyingi, na idadi kubwa ya wafuasi inaweza kununuliwa.

Mbinu ya pili ni ada zinazozaana. Mnunuzi aliyekwisha kulipa huambiwa kwamba mzigo umezuiwa na forodha, kisha kwamba unahitaji bima, kisha kwamba dereva ameomba pesa ya mafuta. Kila ada huwa ndogo ikilinganishwa na zilizokwisha kulipwa, na mnunuzi huendelea kutoa kwa hofu ya kupoteza alichotanguliza. Ukweli ni kwamba mzigo unaodai ada mpya kila siku huwa haupo.

Mbinu ya tatu ni kubadilisha mahali pa malipo. Mnunuzi huanza mazungumzo na duka halisi au na ukurasa unaofanana nalo, lakini wakati wa kulipa huelezwa kwamba nambari ya biashara ina hitilafu, hivyo atume kwa nambari nyingine ya mtu binafsi. Mbinu hii ni jamaa wa karibu wa ule ujumbe mfupi wa zamani ambao Wakenya wengi wamewahi kuupokea, unaowaagiza watume "ile pesa" kwa nambari mpya, ukilenga kumnasa mtu aliyekuwa kweli na deni la kulipa siku hiyo.

Mbinu ya nne hulenga ufunguo wa pesa badala ya pesa zenyewe. Mtu hupigiwa simu na anayejifanya mhudumu wa kampuni ya simu, benki au ya kusafirisha mizigo, naye huombwa namba ya siri, namba ya kitambulisho au tarakimu zilizotumwa kwa ujumbe. Taarifa hizo zikipatikana mhalifu anaweza kumbadilishia mtu laini, yaani kuiandikisha nambari yake kwenye kadi nyingine ya simu, kisha kuingia katika akaunti zake. Mulot, kituo kilicho mpakani mwa kaunti za Bomet na Narok, si mbali sana na Gusii, kimetajwa mara kwa mara na polisi na vyombo vya habari katika kesi za aina hii, ingawa haitakuwa haki kuwatia doa wakazi wake wote kwa makosa ya wachache. Tarakimu sita za WhatsApp huombwa kwa hila hiyohiyo. Anayezitoa hupoteza akaunti yake, na marafiki na jamaa zake huanza kupokea maombi ya mkopo au matangazo ya bidhaa rahisi yakitoka kwa jina wanaloliamini.

Mbinu ya tano ni kuazima imani ya kikundi. Tangazo linapoingia katika kundi la WhatsApp la kanisa, la chama cha kuweka akiba au la wanafunzi waliosoma pamoja, huonekana limethibitishwa na kila mmoja aliyemo, ilhali mara nyingi aliyelituma amelipokea tu kutoka kwingine. Kenya imewahi kulipa gharama kubwa kwa kosa la namna hii. Katikati ya miaka ya 2000 mipango ya upatu, maarufu zaidi ukiwa ule wa DECI, ilisambaa sana kupitia makanisa kabla ya kuporomoka, na jopo la uchunguzi lililoongozwa na Francis Nyenze lilikadiria kwamba Wakenya walipoteza zaidi ya shilingi bilioni 8. Teknolojia ya wakati huo ilikuwa daftari na mikutano, lakini njia ya kuwafikia watu ilikuwa ileile: mtu hakumwamini mwenye mpango, alimwamini muumini mwenzake.

Kulifunga pengo: hatua za mnunuzi

Kanuni ya kwanza, inayozitangulia zote, ni kuuchunguza mpangilio wa malipo kabla ya kuichunguza bei. Swali la kujiuliza ni moja: baada ya pesa kuondoka na kabla ya mzigo kufika, nani anashika nini? Utaratibu bora ni kulipa mzigo unapofika na kukaguliwa. Kampuni za mabasi zinazobeba vifurushi kutoka Nairobi zina ofisi katika mji wa Kisii na miji jirani, na muuzaji wa kweli anaweza kukubali malipo yafanywe mnunuzi akiwa amesimama mbele ya kifurushi. Picha ya risiti ya kifurushi si ushahidi wa kutosha, kwa kuwa hughushiwa kwa urahisi. Ofisi yenyewe ipigiwe simu kwa nambari iliyopatikana kwa njia nyingine, si ile iliyotolewa na muuzaji.

Muuzaji akikataa malipo ya baadaye, ipo njia ambayo eneo hili lina utajiri nayo, nayo ni ndugu. Ni nadra kupata familia ya Kisii au Nyamira isiyo na mtu Nairobi. Kaka, binamu au mtoto wa jirani anaweza kuombwa afike dukani, aishike bidhaa, aiwashe, ahakikishe kwamba duka lipo, kisha pesa zitumwe akiwa papo hapo na mzigo akabidhiwe yeye aupeleke kwenye basi. Huu ndio ule utaratibu wa wakala anayejulikana, ukifanywa na ukoo badala ya kampuni, na tapeli ataukwepa kwa visingizio kwa sababu duka lake halina mlango. Muuzaji anayetaja jengo na ghorofa lakini akakataa kutembelewa amekwisha kujibu swali.

Pale ambapo malipo lazima yatangulie, mnunuzi apendelee nambari ya biashara ya Lipa na M-Pesa kuliko nambari ya mtu binafsi, na asome jina linaloonekana kwenye simu kabla ya kuthibitisha, alilinganishe na jina la duka, na asitishe muamala yakitofautiana. Hata hivyo nambari ya biashara si cheti cha uaminifu, kwa kuwa huonyesha tu kwamba mtu fulani amesajiliwa. Vivyo hivyo alama ya kufuli inayoonekana kando ya anwani ya tovuti ni kama bahasha iliyofungwa: huzuia wapita njia kuisoma barua, lakini haithibitishi uadilifu wa anayeipokea. Anwani yenyewe isomwe herufi kwa herufi, kwa kuwa tovuti bandia huiga jina la duka maarufu kwa kuongeza au kubadilisha herufi moja, na viungo vinavyotumwa kwa ujumbe vikiahidi zawadi za sikukuu visifunguliwe.

Bei nayo ni shahidi. Simu inayouzwa shilingi 20,000 katika maduka ya mji wa Kisii haiwezi kuuzwa shilingi 7,000 mtandaoni na bado ikawa mpya na halali, maana muuzaji naye ameinunua mahali. Punguzo la kawaida hutokana na kodi ndogo ya pango au wingi wa mzigo, wala halifikii nusu ya bei. Haraka ni shahidi mwingine: anayesisitiza kwamba imebaki moja tu na malipo yafanywe ndani ya dakika kumi anamnyima mnunuzi muda wa kumuuliza mwenzake.

Kwa bidhaa zilizotumika, hasa simu wanazouziana wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisii na wa vyuo vingine, mkutano ufanyike mchana mahali penye watu, na simu ikaguliwe hapo hapo. Kubofya *#06# huonyesha nambari ya utambulisho yenye tarakimu 15, ambayo inapaswa kulingana na iliyoandikwa kwenye kasha na risiti; na simu ihakikishwe kwamba imeondolewa kwenye akaunti ya mmiliki wa kwanza, la sivyo itajifunga baada ya siku chache. Risiti ina faida ya pili, kwa kuwa Kanuni ya Adhabu huhesabu kupokea mali ya wizi kuwa kosa, na mnunuzi asiyeweza kueleza alikoipata simu anaweza kujikuta akijieleza polisi. Kwa mkulima, pakiti ya mbegu iliyosajiliwa huwa na lebo ya KEPHIS, taasisi inayosimamia afya ya mimea na ubora wa mbegu, yenye namba ya kukwaruza inayotumwa kwa ujumbe kwenda 1393 ili kuthibitisha uhalali wake. Na bidhaa za viwandani zenye alama ya Shirika la Viwango la Kenya huthibitishwa kwa kutuma herufi SM, alama ya # na namba ya kibali kwenda 20023. Ukaguzi huu ni wa lazima zaidi wakati wa bonasi ya chai, kwa maana matapeli hujua pesa zinapoingia vijijini.

Kuhusu ufunguo wa pesa, kanuni haina ubaguzi: namba ya siri haitajwi kwa mtu yeyote, na hakuna mhudumu wa kweli anayeihitaji. Safaricom imetangaza kwamba huwapigia wateja wake kwa nambari 0722 000 000 pekee, na kwamba mteja anaweza kubofya *100*100# ili laini yake isibadilishwe na mawakala wasioidhinishwa. Mwenye umri mkubwa ambaye husaidiwa na wajukuu kutumia simu afundishwe kuibofya namba ya siri kwa mkono wake mwenyewe, kwa upole na bila kuchekwa.

Muuzaji naye yumo hatarini

Mjadala huu hauwahusu wanunuzi peke yao. Wachongaji wa Tabaka, ambao mawe yao laini yanayochongwa kuwa sahani, sanamu na mapambo yamefika katika masoko ya nje kwa miongo mingi, sasa wanaweza kuwauzia wateja wa mbali bila dalali, na pengo likageuka upande wao: mzigo unaweza kuondoka kabla ya pesa kuingia. Tapeli anayejifanya mnunuzi hutuma ujumbe wa kughushi unaofanana na wa M-Pesa, akitegemea kwamba muuzaji ataangalia maneno bila kuangalia salio. Kinga ni rahisi: ujumbe halali hutoka kwa jina la huduma yenyewe wala si kwa nambari ya kawaida ya simu, na salio huangaliwa kabla ya mzigo kuachiliwa.

Hila nyingine ni ya mnunuzi anayelipa kweli, akabeba bidhaa, kisha akaomba muamala urejeshwe akidai alikosea nambari. Kwa sababu hiyo mwenye kibanda au mchongaji anashauriwa kupokea malipo kwa huduma ya biashara, mathalani Pochi la Biashara, ambayo haimruhusu mteja kuurejesha muamala bila ridhaa ya muuzaji. Kwa wateja wa ng'ambo, ombi la kulipwa zaidi ya bei kwa hundi, kisha muuzaji atume ziada kwa "msafirishaji" aliyeteuliwa na mnunuzi, ni dalili ya wazi ya utapeli, kwa kuwa hundi hukataliwa na benki baada ya ziada kuwa imekwisha kutumwa.

Sheria na mahali pa kulalamika

Sheria za Kenya zinamtambua mnunuzi wa mtandaoni waziwazi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili, ya kupewa taarifa za kumwezesha kunufaika na bidhaa hizo, ya kulindwa kiafya na kiuchumi, na ya kufidiwa anapopata hasara. Sheria ya Kumlinda Mlaji ya 2012 inazungumzia mikataba ya intaneti, yaani makubaliano ya kununua yanayofanywa mtandaoni, na inamtaka muuzaji atoe taarifa muhimu kabla ya mkataba, ampe mnunuzi nafasi ya kukubali, kukataa au kusahihisha makosa, na ampe nakala ya makubaliano. Asipotimiza hayo, mnunuzi ana haki ya kuuvunja mkataba ndani ya muda uliowekwa. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inamtoza mkosaji wa ulaghai wa kompyuta faini isiyozidi shilingi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inawabana wanaokusanya majina, nambari za simu na vitambulisho vya wateja wasivitumie kinyume cha kusudi.

Haki hizo huhitaji ushahidi. Aliyetapeliwa asifute mazungumzo kwa hasira. Ahifadhi picha za ukurasa, nambari za simu, jumbe za malipo na tarehe zake. Hatua ya kwanza ni kuiarifu kampuni ya simu mara moja, maana dakika chache za mwanzo ndizo zenye matumaini ya kuzizuia pesa, na nambari ya tapeli ipelekwe kwa 333 ambayo Safaricom imeitenga kwa ajili ya taarifa za ulaghai. Hatua ya pili ni kuandikisha ripoti katika kituo cha polisi na kupewa namba ya kumbukumbu, au kutoa habari kwa Idara ya Upelelezi wa Jinai kwa nambari ya bure 0800 722 203. Malalamiko dhidi ya kampuni inayojulikana, mathalani iliyotangaza sifa za uongo, yanaweza kupelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Na mzozo na muuzaji anayejulikana alipo unaweza kufikishwa katika Mahakama ya Madai Madogo, pale ilipo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja kwa haraka na bila ulazima wa wakili.

Ni kweli kwamba wengi wa waliopoteza shilingi elfu mbili au tatu huona nauli ya kwenda kituoni ni hasara juu ya hasara. Lakini tapeli huishi kwa hesabu hiyohiyo: humpunja kila mmoja kiasi kidogo kisichostahili usumbufu, na jumla yake ikawa kubwa. Ripoti moja inaweza isirudishe pesa, ila ripoti nyingi juu ya nambari moja humpa mpelelezi kesi.

Wajibu wa jamii

Ulinzi uliozoeleka sokoni ulikuwa wa wote, na ule wa mtandaoni hauwezi kuwa wa mtu mmoja mmoja. Vituo vya redio vinavyotangaza kwa Ekegusii, kama Egesa FM, vina uwezo wa kueleza kila mbinu mpya kwa lugha ambayo bibi wa Manga na kijana wa Suneka wanaielewa sawasawa. Mabaraza ya machifu, vyama vya akiba, shule na makanisa vina nafasi hiyohiyo. Viongozi wa makundi ya WhatsApp waweke kanuni kwamba tangazo la biashara halipitishwi ila na mtu aliyekwisha kununua kutoka kwa muuzaji huyo na yuko tayari kulisema jina lake. Wafanyabiashara waaminifu wa mtandaoni nao wana maslahi makubwa katika jambo hili, kwa sababu kila mteja aliyetapeliwa ni mteja ambaye hatamwamini muuzaji mwingine wa mbali, na wakikubali malipo baada ya ukaguzi watajitenga na matapeli kwa vitendo.

La muhimu zaidi ni kuiondoa aibu. Mtu aliyetapeliwa akinyamaza kwa kuogopa kuitwa mjinga, jirani yake atanaswa wiki ijayo kwa ukurasa uleule na nambari ileile. Kwa hiyo kila mkazi wa Kisii na Nyamira anaombwa mambo mawili yasiyogharimu chochote: asiruhusu pesa zake zitangulie mbali kabla yeye, au mtu anayemwamini, hajauona mzigo, na akipatwa na hasara, aiseme mapema kwa sauti, nyumbani, kanisani na polisi.